Usiku ambao mlima haupoi

Swali: Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa milima ya Fizi, Kivu Kusini. Nimeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na sasa ni mwaka wa tatu niko Missoula, Montana. Wiki hii joto limefika nyuzi 38 na simu imelia mara mbili kutangaza Bendera Nyekundu, hatari ya moto. Nikichungulia nje sioni moto, sioni moshi, mbingu ni safi. Kwetu tulichoma nyasi kila kiangazi na hakuna aliyekimbia. Hapa wanaogopa nini? Halafu usiku nifungue madirisha au nifunge? Mama mkwe anakaa nasi, ana miaka 71, na nyumba tuliyopanga iko juu kidogo, kwenye vilima vya kusini mwa mji.

Jibu: Mama, nianze na dirisha la mama mkwe. Bendera nitaifikia, lakini joto lina tabia ya kuua kabla moto haujafika, tena huua kimya, ndani ya nyumba, majirani wasijue.

Mwishoni mwa Juni 2021 wimbi la joto lilitua juu ya milima ya kaskazini-magharibi, likafika hadi ng'ambo ya mpaka wenu, jimbo la British Columbia nchini Kanada. Kijiji cha Lytton, kilichokaa pale mto Thompson unapoingia mto Fraser, kilivunja rekodi ya joto ya nchi nzima siku tatu mfululizo. Tarehe 29 Juni kipimo kilisoma nyuzi 49.6. Kesho yake moto ukaingia kijijini, ukateketeza karibu kijiji chote na kuua watu wawili. Picha za moto huo zilizunguka dunia nzima. Lakini katika wiki hiyohiyo, kati ya tarehe 25 Juni na 1 Julai, wachunguzi wa vifo wa jimbo walihesabu watu 619 waliouawa na joto lenyewe. Asilimia 98 yao yaliwakuta wakiwa ndani ya majengo. Wengi walikuwa na miaka 70 na kuendelea, na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Mama mkwe wako ana watu wa kumtazama mchana na usiku, na hiyo ni kinga ambayo wengi wa wale 619 hawakuwa nayo.

Watu watakwambia fungua madirisha saa tatu usiku, funga saa moja asubuhi. Nakuomba usifuate saa. Nunua vipima joto viwili vya bei ndogo, kimoja ukitundike nje ya dirisha mahali pasipopigwa na jua, kingine chumbani kwa mama. Cha nje kikisoma chini ya cha ndani, na hewa hainuki moshi, fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite. Asubuhi cha nje kikianza kukipita cha ndani, funga na ushushe mapazia, ya mashariki kwanza, ya magharibi kabla ya alasiri. Chumba kikishafika nyuzi 35 hivi, feni inasukuma tu hewa ya moto kwenye ngozi ya mtu, na mzee ambaye jasho lake limepungua haimsaidii kitu. Lowesha kitenge, ukikamue kidogo, umfunike mabega na miguu. Mpe maji kidogo kidogo bila kungoja aseme ana kiu, kwa maana kiu ya mzee huchelewa. Kama anameza vidonge vya presha vile vinavyomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, mpigie daktari wake mapema umuulize afanyeje siku za joto. Kama nyumba haina kiyoyozi, mchana mpeleke palipo nacho, hata maktaba ya mji, mkae saa mbili tatu mwili wake upumue. Na akianza kusema maneno yasiyoshikana, au amelegea na ngozi imekuwa ya moto, piga 911 palepale na muanze kummwagia maji huku mkingoja. Usikubali mtu akwambie "mwacheni alale kwanza".

Sasa bendera. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ikitangaza Bendera Nyekundu haisemi kuna moto. Inasema hewa ya leo ni ya namna ambayo cheche moja ikianguka mahali pabaya, wazimamoto hawataukamata moto huo kabla haujawa mkubwa. Kila ofisi ya idara hiyo ina vipimo vyake kulingana na milima na majani ya eneo lake, lakini kinachotazamwa kila mahali ni hewa kavu sana, upepo, au radi zisizo na mvua, juu ya nyasi na misitu ambayo tayari imekauka. Joto lenyewe si sharti. Mwaka 2021, tarehe 30 Desemba, katikati ya baridi, moto ulioitwa Marshall ulishuka na upepo wa mlimani huko Colorado ukateketeza nyumba zaidi ya 1,000 kwa siku moja.

Joto linaingiaje basi? Linaingia kwa kuikausha hewa. Chukua hewa ya alfajiri yenye nyuzi 15 na unyevuanga wa asilimia 70, yaani imebeba sehemu 70 kati ya 100 za maji inayoweza kubeba kwa joto hilo. Usiongeze maji, usipunguze, ipashe tu hadi nyuzi 38. Unyevuanga wake unashuka hadi asilimia 18 hivi. Maji ni yaleyale, ila hewa ya moto ina kiu kubwa zaidi, na kiu hiyo inanyonya kila kitu: nyasi, majani makavu ya misonobari chini ya miti, mbao za uzio wako, hata paa. Majani membamba kuliko penseli hayachukui hata saa moja au mbili kufuata unyevu wa hewa. Gogo nene huchukua wiki. Ndiyo maana mvua ya jana haikusaidii kitu leo saa tisa alasiri kama hewa imekauka: gogo lina maji bado, lakini moto hauanzi kwenye gogo.

Wimbi la joto linaongeza jambo jingine. Mgandamizo mkubwa wa hewa unakaa juu ya milima kwa siku tano, saba, kumi, na hewa ya juu inashuka polepole. Hewa ikishuka inabanwa, ikibanwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja inayoshuka. Hiyo inafika chini ikiwa moto na kavu, inazuia mawingu, na jua linaendelea kupiga. Siku ya kwanza udongo bado una maji. Siku ya nne, ya tano, ardhi haina tena cha kutoa jasho, na nguvu yote ya jua inaishia kuipasha hewa. Joto linazaa ukame, ukame unazaa joto.

Hayo utayasikia hata kwenye redio. Mimi nataka nikuambie kitu ambacho redio hupita juu yake haraka, na kwa nyumba yako ndicho kikubwa: tazama usiku.

Mchana wa nyuzi 38 bondeni Missoula si ajabu kubwa mwezi Julai. Kinachoamua kama moto wa kesho utakamatika ni kile kilichotokea kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kawaida usiku hewa inapoa, unyevuanga unarudi juu, majani membamba yanarudisha unyevu wake, na moto uliokuwa ukirukaruka mchana unalala chini na kutoa moshi tu. Hapo ndipo watu hupata nafasi ya kuuzungushia mstari wa udongo uliochimbwa. Usiku ukikataa kupoa, nafasi hiyo haipo. Wazimamoto wanaamka na moto uliopiga hatua usiku kucha, na jua la pili linaukuta uko tayari.

Na mlimani usiku haupoi sawasawa. Mimi nilizaliwa Njombe, na hili nililijua kabla sijaingia darasani. Mwezi wa Juni na Julai kule kwetu huja sakitu, ule weupe wa barafu kwenye majani alfajiri. Mama yangu alikuwa na viazi kwenye kinyungu, bustani ya bondeni karibu na maji, na vingine kwenye shamba la mteremkoni. Asubuhi ya sakitu, viazi vya kinyungu vilikuwa vimeungua vyeusi, majani yamelala kama mboga iliyochemshwa. Ukipanda hatua mia mbili tu, vya mteremkoni vilikuwa wima, kijani, kama hakuna kilichotokea. Nilikuwa mtoto nikidhani kuna mtu kavifunika. Ukweli ni kwamba hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka kama maji na kujaa bondeni, na ile ya joto inaelea juu yake. Katikati ya mteremko kunabaki ukanda wa joto, juu ya ziwa la baridi la bondeni na chini ya baridi ya kilele.

Ukanda ulioviokoa viazi vya mama ndio unaowatesa wazimamoto wa Montana. Bondeni kipimo kinashuka hadi 15 na unyevuanga unarudi 70. Mita mia mbili tatu juu yake, kwenye ukanda huo, hewa ileile inaweza kubaki na nyuzi 24, na unyevuanga wake unarudi 40 tu. Nyasi za pale hazilali. Moto ulioshika katikati ya mteremko unaendelea kutembea saa nane usiku wakati mtu wa bondeni anajifunika shuka. Unaishi kwenye vilima vya kusini, mama. Huenda nyumba yenu ina usiku wa joto kuliko rafiki yako anayekaa karibu na mto Clark Fork, na akikwambia "mbona kwetu kulipoa", anasema kweli, ila anasema ya kwake. Ndiyo sababu nimekuomba usifuate saa yake bali kipimo chako.

Ziwa hilo la baridi lina ubaya wake pia. Moshi ukishuka bondeni usiku, hewa ya joto iliyo juu inaufunika kama kifuniko cha sufuria. Seeley Lake, mji mdogo ulio kaskazini-mashariki mwenu, ulikaa ndani ya moshi wa namna hiyo kuanzia Agosti hadi katikati ya Septemba 2017. Alfajiri nyingi ulikuwa mzito sana, alasiri ukipanda kidogo, usiku ukirudi. Mkipatwa na moshi wa hivyo, alfajiri ndiyo saa mbaya ya kufungua dirisha na ndiyo saa mbaya ya watoto kucheza nje. Feni ya mraba iliyofungwa kwa utepe chujio la hewa la daraja la MERV 13, linalonasa chembe ndogo za moshi, inasafisha chumba kimoja vizuri sana kwa gharama ndogo. Chagueni chumba kimoja, mama mkwe na mtoto yeyote mwenye pumu walale humo.

Tuje kwenye nyasi za kwenu, maana swali lako lina haki. Wazee wa Fizi hawakuwa wajinga, na wala Montana si waoga. Walichoma lini? Kumbuka vizuri. Aliyejua kazi yake alichoma kiangazi kinapoanza, nyasi zikiwa nusu kijani, jioni, upepo umetulia. Moto ukatembea polepole hadi kwenye kijani au kwenye kijia, umande ukaumalizia. Na kwa kuwa palichomwa karibu kila mwaka, hapakuwa na kuni nyingi za kuungua. Misitu ya miombo ya Kigoma uliyoiona ukiwa Nyarugusu inachomwa hivyohivyo na wanaojua. Aliyengoja hadi Septemba, upepo wa mchana, huyo ndiye aliyeunguza shamba la jirani, na najua unamkumbuka mmoja.

Wenyeji wa mabonde ya Montana, watu wa Salish na Kootenai, nao walichoma kwa makusudi vizazi na vizazi, na msitu wa misonobari ya ponderosa ukawa na nafasi kati ya mti na mti, chini nyasi. Kisha ukaja Agosti 1910. Baada ya kiangazi kikavu, upepo mkali wa tarehe 20 na 21 uliunganisha mamia ya mioto midogo ya Idaho na Montana kuwa mmoja. Kwa siku mbili uliteketeza takriban hekta milioni 1.2 na kuua watu wasiopungua 85, wengi wao wazimamoto. Huduma ya Misitu ya Marekani, iliyokuwa na umri wa miaka mitano tu, iliogopa sana, na kuanzia hapo moto wowote ulikuwa adui. Mwaka 1935 ikatoka amri kwamba kila moto ukionekana uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Saa nne, kwa sababu walijua kifuniko cha bondeni hufunguka kama saa hizo, hewa inakauka na upepo unaanza kupanda mlima. Walielewa saa ya moto vizuri kabisa. Wasichokielewa ni kwamba kila moto mdogo waliouzima uliacha kuni zake msituni, mwaka baada ya mwaka. Miti midogo ikabanana chini ya mikubwa, ikawa ngazi ya moto kupandia hadi matawi ya juu. Nasema haya bila kuwadharau. Nilipoanza kazi kwenye misonobari ya Mufindi nilifundishwa hivyohivyo, kwamba moto mzuri ni uliozimwa, na ilinichukua miaka kuona upande wa pili.

Kwa hiyo nyasi zenu na msitu huu si kitu kimoja. Hapa, siku ya Bendera Nyekundu, mtu hachomi chochote, hata takataka kwenye pipa.

Mteremko nao. Moto hupenda kupanda. Ukiwa tambarare, ulimi wa moto unasimama wima. Ukiwa mteremkoni, unalalia nyasi za mbele yake na kuzikausha kabla haujazigusa. Kanuni ya kazi tunayoitumia ni kwamba kila nyuzi 10 za pembe ya mwinuko zinaongeza kasi ya moto maradufu. Na mchana upepo wa bondeni unapanda pamoja nao.

Kilichowakuta vijana wa Mann Gulch kinaeleza hili kuliko mchoro wowote. Tarehe 5 Agosti 1949, siku ya nyuzi 36 hivi mjini Helena, wazimamoto wa miavuli 15 waliruka kutoka ndege iliyopaa Missoula, mji wako huohuo, wakatua kwenye korongo la Mann Gulch karibu na mto Missouri. Mlinzi mmoja wa msitu akajiunga nao. Walikuwa wakiteremka kuelekea mtoni wakakuta moto umevuka na kuwazibia njia, umeingia kwenye nyasi kavu zinazofika magotini, na upepo unausukuma kupanda walikotoka. Wakageuka kukimbia mlima. Karibu saa kumi na mbili jioni moto uliwafikia. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alifanya jambo ambalo wenzake walidhani amerukwa na akili: alisimama, akawasha kiberiti, akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake, kisha akaingia ndani ya jivu na kulala kifudifudi. Akawaita. Hawakumfuata. Alipona, na vijana wawili waliofika kwenye mwanya wa miamba juu wakapona. Watu 13 walikufa.

Mchungaji yeyote wa milima yenu angeelewa mara moja Dodge alikuwa akifanya nini. Wale vijana walikuwa na nguvu na ujasiri, lakini hawakuwa wamekua na moto wa nyasi. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililia, kwa sababu lilikuwa jambo la kufundishika. Si kwamba nakushauri ulifanye, mama. Wewe una gari na barabara, ondoka mapema. Nataka ujue tu kwamba ulichokiona utotoni ni elimu, na watoto wako waliozaliwa kambini hawanayo. Wafundishe upande ambao moto hukimbilia.

Mwisho wa wimbi la joto ndiyo siku ya kuogopa kuliko siku zake zote. Watu hufurahi wakisikia "kesho kutapoa". Mgandamizo unapovunjika, hewa ya baridi kutoka magharibi inaingia kwa upepo mkali, na majani yamekwisha kaangwa kwa wiki nzima. Upepo wa 1910 ulikuja kwa mlango huo. Wakati mwingine inatangulia radi kavu: wingu lina mvua, lakini sakafu yake iko juu sana na hewa iliyo chini ni kavu hivi kwamba matone yanakauka yakiwa njiani. Utaona mapazia ya kijivu yanayoning'inia chini ya wingu yasifike ardhini. Radi inafika, maji hayafiki. Halafu hewa iliyopozwa na matone hayo inaanguka kama ndoo iliyopinduliwa na kutawanyika pande zote. Kama ulikuwa hapo Julai 24, 2024, unaujua upepo wa namna hiyo. Juu ya Mlima Sentinel ulipimwa zaidi ya kilomita 170 kwa saa, na mji ukalala gizani. Upepo wa aina hiyohiyo uligeuza moto wa Yarnell Hill, Arizona, tarehe 30 Juni 2013, na wazimamoto 19 wakafa pamoja. Ukiona mapazia hayo ya mvua isiyofika, na hapo awali bendera ilitangazwa, ita watoto ndani.

Nyumba yenyewe inashikaje? Si kwa ukuta wa moto kuigonga, mara nyingi. Jack Cohen, aliyekuwa mtafiti wa Maabara ya Sayansi ya Moto iliyoko hapohapo Missoula tangu 1960, alitumia miaka mingi kuchunguza nyumba zilizoungua na zilizopona, na jibu lake ni kwamba kinachoamua ni nyumba na mita 30 zinazoizunguka. Cheche zinaruka kilomita moja na zaidi, zinatua kwenye mfereji wa paa uliojaa majani ya misonobari, kwenye zulia la mlangoni, kwenye kuni zilizopangwa chini ya baraza, na nyumba inaungua hali miti ya jirani imebaki kijani. Mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani ndiyo ya thamani kuliko zote. Isiwe na chochote kinachoshika moto. Kumbuka uwanja wa mama yako kijijini, uliofagiliwa kila alfajiri hadi udongo ukang'aa. Wahandisi wa hapa wanawalipisha watu pesa kushauri kitu hicho. Fagia, mama. Panda ngazi utoe majani kwenye mfereji wa paa, au mwambie baba watoto apande. Kama nyumba ni ya kupanga, mwandikie mwenye nyumba, na nakala uitunze.

Na mkaa. Najua mnachoma nyama na mahindi uani, na sitaki muache. Ila si siku ya bendera. Siku nyingine, jivu msilitie kwenye mfuko wa karatasi wala pipa la plastiki. Nimewahi kulichimbua jivu la mkaa siku ya pili yake kwa glavu: juu jeupe na baridi kama unga wa muhogo, vidole viwili chini jekundu. Limwagie maji, ulikoroge kama uji, umwagie tena, kisha liweke kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, juu ya saruji. Vilevile gari lisiegeshwe juu ya nyasi kavu, kwa sababu bomba lake la moshi lina joto la kuwasha nyasi bila cheche yoyote. Mashine ya kukata nyasi ikigonga jiwe hutoa cheche, kwa hiyo kata asubuhi mapema siku za kawaida, na siku ya bendera usikate kabisa.

Karatasi zenu zote, za ukimbizi, za ukaazi, za chanjo za watoto, na dawa za mama mkwe za wiki mbili, zikae kwenye bahasha moja ambayo hata mtoto wa miaka kumi anajua ilipo. Likija onyo la kuhama, msingoje amri. Mwenye mzee na watoto huondoka kwenye onyo.

Sasa nikupe kipimo cha mkono, kisichohitaji simu. Kesho amka saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijagusa kilima. Soma kile kipima joto cha nje. Halafu okota uani majani makavu machache ya msonobari, yale marefu yaliyoanguka, uyakunje polepole kati ya vidole. Yakipinda bila mlio, usiku umerudisha unyevu. Yakikatika kwa mlio, tena alfajiri, na kipimo bado kinasoma juu ya nyuzi 20, basi mlima wenu haukulala. Siku hiyo geuza gari lielekee barabarani, weka bahasha kitini, jaza mafuta kama yako chini ya nusu tangi, kisha urudi ndani umpe mama mkwe maji yake ya asubuhi.